Mama Benchi na Kesi Namba Arobaini na Saba

Ijumaa hiyo Mama Benchi aliingia chumba namba mbili cha mahakama ya trafiki akiwa na vitu vitatu mikononi: chupa ya maji ya mlalamikaji, kimto cha kuegemeza mguu wa huyo mlalamikaji, na orodha ya kesi za asubuhi, yenye namba tupu. Karani akaita, "Kesi namba arobaini na saba, mshtakiwa asimame!" Mshtakiwa akasimama kizimbani. Mama Benchi akainua macho amwone mtu ambaye yeye alikuwa amemchukia miezi minne bila kumjua sura, na jamani, aliyesimama pale alikuwa baba yake mzazi.

Si mtu aliyefanana na baba yake. Ni baba yake mwenyewe, ndani ya koti la kijivu ambalo yeye binti alikuwa amelipiga pasi jana yake, kwa kuambiwa kwamba mzee anakwenda kumwona rafiki wa zamani hospitali. Chupa ya maji ikamponyoka, ikabiringika mpaka kwenye buti za askari wa mlangoni. Askari akaiokota, akamrudishia, akamnong'oneza, "Vipi dada, umeona jini?" Mama Benchi akaipokea bila kumwondolea macho baba yake.

Sasa, kabla hamjaanza kumsema, maana midomo ya watu naijua, tumjue kwanza huyu mama ni nani.

Yeye alikuwa mratibu wa msaada pale mahakamani, kazi ya asubuhi tu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Si wakili, si karani, si askari. Kazi yake ilikuwa watu. Mtu aliyegongwa na gari akija kutoa ushahidi hajui aingilie mlango gani, hajui hakimu anaitwaje, tumbo linamuuma kwa woga. Huyo ni wa Mama Benchi. Dereva aliyeitwa kujibu mashtaka anatetemeka mpaka kalamu inamshinda. Na huyo pia ni wake. Jina la Mama Benchi alipewa kwa sababu alipoanza kazi hapakuwa na pa kukaa ukumbini. Majeruhi walisimama na magongo yao kama watu waliopanga foleni ya maji. Akaenda kwa msajili kila asubuhi kumsumbua, wiki sita mfululizo, mpaka yule bwana akasema, "Mpeni huyu mwanamke benchi lake nipumue!" Wakampa mawili. Moja akaliweka kulia kwa walioumizwa, jingine kushoto kwa walioshtakiwa, katikati akaacha nafasi ya hatua kumi. Na kila aliyekaa, wa kulia au wa kushoto, aliambiwa maneno yaleyale: "Sema ukweli, sema kwa ufupi, mtazame hakimu usoni."

Jumanne na Alhamisi meza hiyohiyo ilikuwa ya mwenzake, kijana mpole wa suruali za kukunja, ambaye watu wa pale walimwita Kaka Alhamisi. Hawa wawili walikuwa hawakutani. Walipokezana kazi kwa daftari moja lenye jalada jekundu, na sheria ya daftari ilikuwa kali: hakuna jina la mtu, ni namba ya kesi tu, ili daftari likisahauliwa mahali siri za watu zisizagae mtaani. Sheria nzuri kabisa. Mama Benchi ndiye aliyeitunga, tena aliitunga kwa mbwembwe, na ndiyo iliyommaliza.

Maana kesi namba arobaini na saba aliijua upande mmoja tu, upande wa Dada Fundi. Dada Fundi alikuwa mshonaji nguo, mama wa watoto wawili, mwenye cherehani ya kukanyaga. Siku hiyo alikuwa anavuka barabara kwenye kivuko chenye mistari myeupe, saa nne asubuhi, jua limewaka, amevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe. Gari likaja polepole, wala halikuwa na haraka, likampitia kana kwamba hapakuwa na mtu. Mguu wa kulia, ndio huohuo wa kukanyagia cherehani, ukavunjika mara mbili. Alizimia palepale; hakuwahi kumwona aliyemgonga, zaidi ya kusikia kwamba ni mzee mmoja.

Kwa miezi minne Dada Fundi alikuja kukaa kwenye benchi la kulia, kila Jumatano, kujiandaa. Hakuwa analia kwa ajili ya mguu. Alichokuwa akilia ni kitu kingine. "Dada yangu," alisema, "mtaani wananiambia nilijirusha. Hata shemeji yangu anasema nilikuwa nimezama kwenye simu. Mimi nataka mtu mmoja mwenye akili zake atamke kwamba nilikuwa navuka panapovukwa. Basi. Nikisikia hivyo nitarudi nyumbani nimepona nusu." Mama Benchi akamshika mkono, akamwambia, "Utasikia. Wewe sema ukweli tu, mengine niachie mimi."

Na hapo ndipo alipoandika kwenye daftari jekundu, kwa hasira, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi: "Namba 47. Majeruhi anauliza kwa nini mshtakiwa hajaja hata mara moja kumjulia hali. Hata mimi nashangaa. Mtu mzima hana haya!" Alhamisi yake Kaka Alhamisi akajibu chini kwa mwandiko mdogo: "Ana sababu zake." Mama Benchi aliposoma hayo Ijumaa alisonya mpaka askari akageuka. Sababu gani! Mtu kamvunja mwenzake mguu, halafu ana sababu!

Tumrudie baba. Mzee huyu alikuwa dereva wa basi la shule kwa miaka thelathini, na wanafunzi walimpa jina la Mzee Taratibu. Hakuwahi kugonga hata kuku. Mkewe alipofariki, binti akahamia kwake, wakawa wawili tu kwenye nyumba, na gari dogo la buluu uani ambalo mzee alilifuta vumbi kila asubuhi kwa fulana kuukuu. "Hii ndiyo miguu yangu," alikuwa akisema. "Siku mkininyang'anya, mnizike kabisa." Tangu miezi minne iliyopita gari halikuwepo, lilikuwa "kwa fundi". Binti akamtania, "Baba, fundi huyo analitengeneza au analizaa upya?" Mzee akacheka kidogo, akaangalia pembeni. Jumanne na Alhamisi kadhaa alivaa koti, akasema anakwenda kucheza drafti. Mama Benchi alifurahi sana kwamba mzee amepata marafiki. Alifurahi, hebu fikiria!

Jioni moja, wakila, mzee aliuliza, "Mwanangu, mtu akigonga mtu, nyie kule kazini mnamwonaje?" Naye bila kuinua kichwa akajibu, "Inategemea, Baba. Akija akaomba msamaha ni binadamu. Akinyamaza, huyo hana tofauti na gari lake." Mzee akaisogeza sahani yake mbali, akasema ameshiba.

Haya yote yalimrudia Mama Benchi pale mlangoni kwa mpigo, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha mratibu. Sasa alielewa. Mzee alikuwa ameomba kesi yake itajwe Jumanne na Alhamisi tu, makusudi, ili binti asijue. Na Kaka Alhamisi alikuwa akijua siku zote! Kesi ilipaswa kusikilizwa jana, Alhamisi, lakini hakimu alikuwa na jino bovu, akasogeza kila kitu mpaka Ijumaa. Jino la hakimu, jamani. Mzee kizimbani alitazama huku na huku, akikunja uso, na macho yake yakampita binti yake kama yanavyopita ukuta. Hakumwona. Hatua sita tu, na hakumwona.

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hilo walilijua watu wawili tu duniani.

Dada Fundi akaitwa. Akapanda na magongo yake, akala kiapo, akasema kama alivyofundishwa: ukweli, kwa ufupi, akimtazama hakimu usoni. Alisema vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye lile benchi. Kisha wakili wa mshtakiwa, bwana mmoja mwenye sauti laini, akasimama na karatasi.

"Mama, unasema dereva hakupunguza mwendo kabisa?"

"Hakupunguza. Kama hakuniona."

"Kama hakukuona. Saa nne asubuhi, gauni la njano." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba kutoa cheti cha kipimo cha macho cha mteja wangu, kilichotolewa na ofisi ya leseni ya jengo hilihili, wiki tano kabla ya ajali. Amesoma mistari yote, mpaka ule mdogo kabisa wa chini. Hakukosea hata herufi moja. Kwa umri wake ni maajabu." Akamrudia Dada Fundi, akashusha sauti kama mtu anayempa pole. "Mtu mwenye macho ya namna hii anamwona anayevuka. Asiyemwona ni yule tu ambaye hakuwepo, kisha ghafla akawepo. Uliruka barabarani, sivyo, mama? Ulikuwa na simu mkononi?"

"Sikuruka," alisema Dada Fundi. Akageuza shingo, akamtafuta Mama Benchi kwa macho. Nyuma, watu wa upande wa pili wakaanza kunong'ona, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wanawake na simu!"

Mama Benchi akakitazama cheti mkononi mwa wakili. Cheti kile! Cheti kile alikitengeneza yeye.

Ilikuwa hivi. Mzee alipofika umri wa kupimwa macho kila mwaka, alishikwa na hofu, hakulala, hakula. Ofisi ya leseni ipo ukumbi uleule wa mahakama, mlango wa tatu kutoka kwenye mabenchi, na ubao wa herufi za kupimia macho ulining'inia mbele ya mlango ulioachwa wazi. Mama Benchi aliupita mara ishirini kwa siku. Akaona, baba yangu macho anayo, tatizo lake ni kuogopa mitihani tu. Asubuhi moja akazinakili zile herufi nyuma ya orodha ya kesi, akampelekea. Wakakaa mezani siku nne, wakizikariri kama watoto wa chekechea, mzee akizighani kwa kutembeza kidole hewani, wote wawili wakicheka mpaka machozi. Haikumjia kabisa kwamba anafanya kosa. Alidhani anamtoa mzee wasiwasi. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatoa watu wasiwasi kabla ya kusimama mbele ya mkubwa!

Kumbe tatizo la mzee halikuwa wasiwasi. Hakuwa anaona. Na sasa alikuwa amesimama pale, anasikia wakili wake akimgeuza mwanamke wa watu kuwa mwongo, naye anatafuna midomo, hasemi neno, kwa sababu kusema neno ni kumtaja binti yake. Mama Benchi aliliona hilo waziwazi kwenye ile midomo. Yeye binti akinyamaza, baba yake anarudi nyumbani na yeye anabaki na kazi yake. Ila Dada Fundi anatoka pale na magongo yake, na jina la mwongo juu.

Akapiga moyo konde, akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. Alimjua vizuri, alimpenda kwa sababu alimpunguzia kelele ukumbini. "Mratibu, kaa. Wewe si shahidi."

"Leo ni shahidi, Mheshimiwa. Mshtakiwa ni baba yangu. Cheti hicho si cha macho yake. Ni cha kichwa chake. Herufi nilimkaririsha mimi."

Ukimya ulioingia mle ndani, hata feni ilisikika ikikwaruza. Wakili alibaki na mdomo wazi. Mzee alishtuka, akageuka upande sauti ilikotokea, akanyoosha mkono hewani kama anayetafuta swichi ya taa.

"Mwanangu? Uko humu? Kumbe leo ni Ijumaa?"

"Ni Ijumaa, Baba."

Mzee Taratibu akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alijinyoosha, akavuta koti, akasema kwa ile sauti aliyokuwa akiwanyamazishia watoto wa shule ndani ya basi, "Mheshimiwa, usimsikilize binti yangu. Amechanganyikiwa kwa kuniona. Hajui lolote. Macho yangu ni mazima, nilisoma mwenyewe, na nitasoma tena hata sasa hivi."

"Baba, hapana!"

"Nyamaza, mwanangu. Mheshimiwa, leteni huo ubao."

Wakili akaruka kukataa, lakini hakimu alikwishainua mkono. Akamwambia karani aende ofisi ya leseni akauazime. Ni mwendo wa milango mitatu, haukuchukua hata dakika mbili, na katika dakika hizo Mama Benchi alikuwa anakufa mzimamzima, kwa sababu alijua jambo ambalo baba yake hakulijua. Mwezi uliopita ofisi ya leseni ilibadilisha ubao. Herufi za zamani zilikuwa zimeshajulikana na mji mzima. Ubao mpya ulikuwa wa tarakimu tupu.

Alitaka kupiga kelele. Askari akamshika bega kwa upole, akamkalisha.

Karani akautundika ubao ukutani, mkabala na kizimba, kwa hatua zilezile za ofisini. Juu palikuwa na tarakimu moja kubwa, nne, nyeusi tii, ambayo mtoto wa jirani angeisoma akiwa dirishani. Mzee akakunja uso, akaona weupe wa ubao na weusi wa maandishi, akaridhika. Akainua kidole, akakitembeza hewani.

"Mstari wa kwanza," akasema. "H."

Karani akautazama ubao, kisha akamtazama hakimu.

"Wa pili. L, B. Wa tatu. N, D, U." Alikuwa anakwenda vizuri, taratibu, sauti imetulia, kila herufi mahali pake. "Wa nne. K, A, F, Z. Wa tano, huu mdogo, lakini nauona. S, M, R, G, T." Akamaliza wa mwisho, akashusha kidole, akaelekeza uso kule alikodhani hakimu amekaa. "Umeona, Mheshimiwa? Binti yangu hana kosa."

Dada Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa sauti. Alitoa kitu kati ya kilio na kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja. Wakili akakaa chini bila kuambiwa. Yule wa nyuma aliyesema habari za wanawake na simu alikuwa anatazama viatu vyake.

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, akiwa anamwangalia Dada Fundi na si mwingine yeyote, "Mama, mahakama imeona. Ulikuwa unavuka panapovukwa. Hukuruka popote. Hilo liandikwe." Karani akaandika. Kuhusu mshtakiwa na mratibu, alisema, yatasemwa baada ya mapumziko, na wote wawili wasitoke jengoni.

Dada Fundi akashuka na magongo yake. Alipofika kwenye kiti cha Mama Benchi alisimama. Mama Benchi akamnyooshea kimto kwa mazoea tu. Dada Fundi alimtazama, akatazama na kimto, akasema, "Miezi minne nimekuwa nakulilia wewe." Hakukichukua. Akapita, akaenda zake, lakini alikwenda kichwa juu, na Mama Benchi aliliona hilo pia.

Kazini hawezi kurudi, hilo alilijua kabla hajaambiwa. Unga ulikwishamwagika. Daftari jekundu lilikuwa mezani, na ilimjia kwamba Jumanne Kaka Alhamisi atalifungua akute ukurasa mweupe.

Askari akamtoa mzee mpaka kule ukumbini, amemshika kiwiko, Mama Benchi nyuma yao. Palikuwa na mabenchi mawili na hatua kumi katikati yake. Akamkalisha la kushoto, la walioshtakiwa. Mama Benchi akasimama kidogo katikati, mahali ambapo miaka yote alikuwa akipita akiwa na maji na maneno ya kutuliza watu, kisha akaenda kukaa kando ya baba yake. Mzee akapapasa, akaupata mkono wake, akaushika.

Mzee alikuwa amehisi kitu, maana hakuna aliyempongeza. Akainamisha kichwa karibu na sikio la binti yake, akauliza polepole, kama mtoto aliyetoka kwenye mtihani:

"Mama, niambie ukweli. Nilikosea mstari gani?"

Mama Benchi akamnyooshea kola ya lile koti la kijivu.

"Hukukosea, Baba," alisema. "Hata herufi moja."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaegemea ukuta.